Maswali ya wasomaji: Mhafidhina wa mashinani na kura ya haki huko Texas

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinatoka kwa Waswahili wa Houston, Dallas na Fort Worth, na karibu zote zinagusa jambo moja: vuguvugu la wahafidhina wa mashinani na madai yao kuhusu uchaguzi safi. Tumejibu tano.

Nina kadi ya kijani (ya ukaazi wa kudumu, si uraia), huu mwaka wa tatu, nilitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Nilipokwenda kuchukua leseni ya udereva niliulizwa kama nataka kujiandikisha kupiga kura, nikaitikia. Sasa kadi ya mpiga kura imeletwa na posta. Kanisani tunaambiwa wanaojali familia na imani wawapigie wahafidhina. Niende? — Mama, Fort Worth

Usiende, mama. Kadi hiyo iweke kwenye bahasha, usiioneshe kituo chochote.

Uchaguzi wa rais na wa Bunge la Marekani ni wa raia peke yao. Sheria ya mwaka 1996 inamtoza faini au kumfunga hadi mwaka mmoja asiye raia anayepiga kura hiyo, na inaweza kumfukuzisha nchini. Sheria ya Texas ni kali zaidi: tangu Septemba 2023 kupiga kura kinyume cha sheria ni kosa la kifungo cha miaka 2 hadi 20. Jambo linalowaumiza wengi ni dogo kuliko hilo. Fomu ya kujiandikisha ina swali, "Je, wewe ni raia wa Marekani?" Ukiweka alama kwenye "ndiyo" na kutia sahihi, umejidai raia, na hilo pekee linaweza kukufungia mlango wa uraia hata kama hukukanyaga kituoni. Fomu N-400 ya kuomba uraia inauliza waziwazi kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura, na daftari la wapiga kura linaweza kukaguliwa na yeyote.

Hatua zako ziwe kwa mpangilio huu. Kwanza mwone wakili wa uhamiaji mwenye leseni, si mtu wa kujaza fomu mtaani, umwoneshe ulichotia sahihi. Yeye ndiye atakayekusaidia kuandika barua ya kuomba jina lifutwe kwa msajili wa wapiga kura wa kaunti, kwa sababu barua hiyo nayo ni ushahidi na kila neno lina uzito. Ipeleke kwa posta ya rejista. Tunza nakala, risiti na jibu la kufutwa. Siku ya N-400 ikifika, sema kweli na uambatishe karatasi hizo.

Wahafidhina wanaposema daftari lisafishwe, mara nyingi wanasemwa kwamba wanawachukia wageni. Kisa chako kinaonesha kwamba daftari safi linamlinda mgeni kwanza. Na hujanyimwa sauti. Unaweza kuhudhuria mikutano, kusema dakika zako mbele ya bodi ya shule, kugawa vipeperushi, hata kumchangia mgombea fedha. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwenye kadi ya kijani kuchangia.

Nimeapa uraia mwaka jana. Nataka kodi ya nyumba ipungue na wazazi wasikilizwe shuleni. Nikienda kwenye mikutano ya hadhara napiga makofi narudi nyumbani. Mtu wa kawaida anaingilia wapi? — Kijana, Houston

Unaingilia chini kabisa, kaka, penye viti vitupu. Kila kaunti ya Texas imegawanywa katika maeneo madogo ya kura, na kila eneo lina mwenyekiti wa chama. Mfikirie kama balozi wa nyumba kumi kwa Tanzania: anajua nani amehama, nani amefiwa, nani hana usafiri siku ya kura. Anachaguliwa kwenye kura za mchujo, ambazo hufanyika Jumanne ya kwanza ya Machi kila baada ya miaka miwili, na kuomba nafasi hiyo hakuna ada. Viti vingi havina mgombea, na kiti kikiwa wazi kamati ya chama ya kaunti humteua mtu. Kamati hiyo ni wenyeviti hao hao wa maeneo, kwa hiyo ukikaa humo una kura katika mambo ya chama ya kaunti nzima.

Ukitaka maoni yako yaingie katika ilani ya chama, njia ni azimio. Texas haina usajili wa vyama: ukipiga kura ya mchujo ya Republican, chama cha wahafidhina, kwa msimu huo umekuwa wao na unaweza kuhudhuria mkutano wa eneo lako baada ya mchujo. Azimio likipita hapo linapanda kwenye mkutano wa kaunti au wa wilaya ya seneti, kisha mkutano mkuu wa jimbo. Liandike kwenye ukurasa mmoja. Aya mbili au tatu zinazoanza na "Kwa kuwa", halafu "Kwa hiyo iazimiwe" na ombi moja tu. Maazimio mengi hufa kwa sababu yanabeba madai matano, na mjumbe mmoja akipinga dai la nne yote matano yanaanguka. Nenda na nakala za kutosha za kugawa ukumbini, na uwe na mtu aliyekubali mapema kuunga mkono hoja. Bila mwungaji haijadiliwi.

Kuhusu kodi ya nyumba, jua nani anaipanga. Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo, hivyo shule, kaunti na miji huegemea kodi ya majengo. Msamaha wa nyumba ya kuishi kwa kodi ya shule ulipandishwa mwaka 2023 kutoka dola 40,000 hadi 100,000 za thamani ya nyumba, na wapiga kura ndio walioidhinisha kwa kura ya maoni ya Novemba. Lakini kiwango chenyewe hupangwa kila mwaka na bodi za hapo hapo mjini, katika vikao vya Agosti na Septemba ambavyo viti vya wananchi huwa vitupu. Anayekuja na karatasi ya makadirio ya nyumba yake mkononi husikilizwa kuliko anayekuja na hasira.

Nina miaka 67, macho yamechoka. Mwaka 2022 kura yangu ya posta ilikataliwa. Wahafidhina wanadai vitambulisho, sasa mimi niliyewapigia ndiye niliyekatwa. — Mzee, Dallas

Shikamoo mzee. Malalamiko yako ni ya haki, na hukuwa peke yako. Sheria ya mwaka 2021 ilitaka namba ya kitambulisho kwenye kura ya posta, na katika mchujo wa Machi 2022 kura zaidi ya 24,000 zilikataliwa, takriban moja katika kila nane. Wengi walikuwa wapiga kura halali kama wewe. Nafasi ya namba iko chini ya ulimi wa bahasha, na watu waliufunga bila kuiona. Wengine waliandika namba ya leseni wakati kwenye daftari walijiandikisha miaka mingi nyuma kwa tarakimu nne za mwisho za Social Security, yaani namba ya hifadhi ya jamii. Anayetetea sheria hii, nasi tunaiona ina msingi, hana budi kukiri kwamba ilianza vibaya.

Dawa yake ni ndogo. Omba kura upya kila mwaka. Mwenye miaka 65 na zaidi hahitaji sababu nyingine, ila ombi liwafikie siku 11 kabla ya uchaguzi. Kwenye ombi na kwenye bahasha andika namba zote mbili, leseni na zile tarakimu nne, ili mojawapo ilingane. Inua ulimi wa bahasha kabla ya kuulamba. Sahihi iwe ya mkono wako. Bahasha ipigwe mhuri wa posta kabla ya saa moja jioni siku ya uchaguzi na ifike saa kumi na moja jioni ya siku inayofuata. Ukitaka kuipeleka mwenyewe, ni siku ya uchaguzi tu, kwa ofisi ya karani wa uchaguzi, na kitambulisho mkononi; huwezi kumtuma mjukuu.

Ukienda kituoni, leseni iliyokwisha muda si kikwazo: aliye na miaka 70 na zaidi inakubalika hata ikiwa ya zamani sana, na wenye 18 hadi 69 wanaruhusiwa hadi miaka minne. Pasipoti na hati ya uraia yenye picha pia zinafaa. Asiye na kitambulisho anaweza kuomba cha bure cha kupigia kura, au kujaza tamko la kizuizi, linaloeleza kwa nini hakuweza kupata kitambulisho, na kuonesha bili ya umeme au karatasi ya benki. Kwa macho yako, una haki ya kuingia na msaidizi unayemchagua, awe mwanao au jirani, mradi si mwajiri wako wala mtu wa chama cha wafanyakazi. Ataapishwa kwanza.

Na bahasha yako usimpe mtu anayepita mlangoni akisema anakusanya. Hofu ya wahafidhina juu ya kura ya posta haikuzuka hewani. Mwaka 2018, jimbo la North Carolina, wilaya ya tisa ya Bunge la Marekani, mawakala walizunguka majumbani wakichukua bahasha za wapiga kura. Tofauti kati ya wagombea ilikuwa kura 905. Bodi ya uchaguzi ilifuta matokeo, kura ikarudiwa. Waliofanya hivyo walikuwa wakimfanyia kazi mgombea wa Republican.

Kwetu Kenya kura huhesabiwa kituoni na Fomu 34A, yenye matokeo ya urais ya kituo hicho, hubandikwa mlangoni. Mbona Wamarekani hawafanyi hivyo? Na je, uchaguzi wa 2020 uliibwa? — Mwalimu, Mombasa

Mwalimu, wahafidhina wengi wa mashinani wanalitamani hilo hilo lenu: karatasi, mkono, kituo kidogo. Tatizo liko kwenye karatasi yenyewe. Mkenya hupewa karatasi sita, kila moja na kinyang'anyiro kimoja, na kituo hakizidi wapiga kura 700. Unazipanga mafungu kwa mgombea, unahesabu mafungu. Karatasi moja ya Texas hubeba rais au gavana, seneta, majaji chungu nzima, mkuu wa polisi wa kaunti, bodi ya shule. Huwezi kuipanga fungu, maana karatasi hiyo hiyo ina alama za watu wa vyama viwili. Lazima msomaji asome kila mstari kwa sauti na wenzake wachore vijiti kwenye karatasi tatu za hesabu, na zote tatu zilingane. Kura 8,000 zenye vinyang'anyiro 40 ni alama 320,000.

Gillespie, kaunti ya wahafidhina katikati ya Texas, walijaribu. Mchujo wa Republican wa Machi 2024 walihesabu kwa mkono kura zaidi ya 8,000, wakakesha hadi alfajiri. Baadaye makosa ya hesabu yakapatikana katika maeneo mengi, yakarekebishwa, na washindi hawakubadilika. Kinachoponza ni uchovu: saa nane za usiku mtu anaruka mstari, au anajumlisha vijiti vitano kama vinne. Tunadhani njia bora ni ile ambayo sheria ya Texas tayari inayo: mashine ihesabu karatasi, kisha mkono ukague angalau asilimia 1 ya maeneo au maeneo matatu, idadi iliyo kubwa zaidi, ukaguzi uanze ndani ya saa 72. Mwanaharakati anayetaka kazi ya maana adai asilimia hiyo iongezwe na maeneo yachaguliwe kwa kura ya bahati mbele ya watu.

Kuhusu 2020, hapana. Georgia walihesabu upya kwa mkono karibu kura milioni 5. Katika kaunti chache zilipatikana kura ambazo hazikuhesabiwa, pengo likapungua, na baada ya mashine kuhesabu tena, Biden akabaki mbele kwa 11,779. Ukaguzi wa Maricopa, Arizona, ulioagizwa na maseneta wa Republican wenyewe, nao ulimkuta ameshinda. William Barr, mwanasheria mkuu wa Trump, alisema hawakuona wizi wa kiwango cha kubadili matokeo. Kesi ya Texas dhidi ya majimbo manne ilikataliwa na Mahakama ya Juu tarehe 11 Desemba 2020. Kudai vitambulisho, karatasi na daftari safi hakuhitaji uongo huo, na kila mara madai hayo yanapofungwa nao, jaji huyatupa yote pamoja.

Nataka kuwa wakala wa kituo. Naweza kwenda na simu nikirekodi mambo yanayonitia shaka? — Msomaji, Houston

Huwezi kurekodi sauti wala picha ndani ya kituo. Lazima uwe mpiga kura uliyeandikishwa katika kaunti hiyo, umalize mafunzo ya mtandaoni ya Katibu wa Jimbo na uchapishe cheti, uwe na barua ya uteuzi ya chama au mgombea, kisha uape. Chukua daftari na kalamu. Andika saa, namba ya mashine, ulichokiona na aliyekuwepo. "Saa 4:10, mashine ya pili, lakiri imekatika" inafika mahakamani, "waliiba" haifiki. Usiongee na mpiga kura, usimchungulie akiweka alama. Ukiona kosa, mwambie msimamizi wa kituo papo hapo. Kumbuka kwamba katika uchaguzi mkuu msimamizi na naibu wake hutoka vyama viwili tofauti, kwa hiyo mmoja asipokusikiliza mwite mwenzake.