Programu ya Simu na Safari za Msalani Usiku

SWALI: Mimi ni fundi cherehani mwenye umri wa miaka 58. Kwa miezi mitano sasa, kila usiku huamka mara mbili kwenda haja ndogo. Binti yangu aliniwekea kwenye simu programu ya kuweka kumbukumbu za mkojo. Baada ya kuniuliza maswali kadhaa, iliniambia kuwa kibofu changu kinasisimka kupita kiasi, na kwamba nilipie mafunzo ya kukizoesha. Siku moja nilipima kwa jagi: mchana kutwa hadi nilipokwenda kulala, mililita 850, saa saba usiku, 300, saa tisa na nusu, 280, nilipoamka saa kumi na mbili asubuhi, 320. Mchana sina shida, ila jioni viatu hunibana. Je, nilipe?
Msomaji, Tanga

JIBU: Shikamoo, mama. Naomba usilipe kwanza, kwa sababu tarakimu ulizozipima mwenyewe zinaelekea kwingine kabisa na jibu ulilopewa na programu.

Mkojo wa kwanza wa asubuhi huhesabiwa kuwa wa usiku, kwa kuwa ulitengenezwa ukiwa umelala. Tukijumlisha 300, 280 na 320 tunapata mililita 900, yaani zaidi ya nusu ya mililita 1,750 ulizotoa kwa siku nzima, ilhali hata kwa mtu aliyevuka miaka 65 theluthi moja tu huchukuliwa kuwa ukomo wa kawaida. Kibofu kinachosisimka kupita kiasi kwa kawaida humkimbiza mtu msalani mchana na usiku, tena mara nyingi kwa mkojo kidogo kidogo. Chako kinahifadhi mililita 300 bila taabu, na mchana kimetulia. Kwa hiyo swali la kuuliza ni kwa nini mwili wako unatengeneza maji mengi hivyo usiku.

Hapo ndipo viatu vinavyobana vinapopata maana. Anayekaa kwenye cherehani tangu asubuhi, miguu ikiwa chini, maji hujikusanya kwenye vifundo. Akilala, maji hayo hurudi kwenye damu, figo huyachuja, na kibofu hujaa. Kutembea mara kwa mara, kuinua miguu alasiri kwa saa moja au mbili, kupunguza chumvi na kutokunywa chai usiku huwasaidia wengi. Hata hivyo, uvimbe wa miguu unaweza pia kutokana na moyo, figo au dawa fulani za presha, na mkojo mwingi unaweza kutokana na kisukari, hivyo ni lazima upimwe presha, sukari na mkojo. Kama unatumia dawa za presha, usibadilishe saa ya kuzimeza kabla ya kuzungumza na daktari.

Sisemi kwamba programu hizi hazifai. Mwanamke anayevuja mkojo anapokohoa au kuinua ndoo anaweza kufaidika sana: Chuo Kikuu cha Umeå nchini Uswidi kilitengeneza programu iitwayo Tät ya kufundisha mazoezi ya misuli ya nyonga, na utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa walioitumia kwa miezi mitatu walipata nafuu kuliko waliokuwa bado wakisubiri. Zipo pia zinazokadiria kasi ya mkojo kwa kusikiliza sauti yake ukiangukia majini, ingawa sioni zitafanyaje kazi katika vyoo vyetu vingi vya kuchuchumaa. Lakini tatizo lako si la kuvuja wala la kasi.

Endelea kuandika hadi zitimie siku tatu, ukiongeza unachokunywa na saa ya kukinywa, kisha nenda na simu hiyo kituo cha afya. Usiposhika simu, daftari na jagi lenye alama vinatosha kabisa. Daktari atahitaji tarakimu, wala hatajali zimeandikwa wapi.

Usisubiri siku hizo tatu ziishe ukiona damu kwenye mkojo, ambayo huku pwani inaweza kuwa dalili ya kichocho na wakati mwingine ya saratani, ukipata homa pamoja na maumivu ya ubavuni, ukikosa pumzi unapolala chali, au mkojo ukiziba.