Gunia kwanza, mashine baadaye

Mwanangu, jina la mama yangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, kisha nikamsomea mama yako akiwa anapepeta mtama: "Baba, mwezi wa sita nikiacha kazi halmashauri, nikanunua mashine ya kukamua alizeti nikarudi Iguguno, utanionaje?" Mama yako alicheka. Mimi nikaenda kutafuta karatasi, maana jambo hili si la kujibia kwenye simu.

Kukuona mjinga siwezi. Mwaka 1995 niliacha kazi kwenye shirika la umma kwa barua niliyoiandika kwa mkono wangu, wenzangu wakasema nimelogwa. Miaka miwili haikuisha, shirika likaingia kwenye ubinafsishaji na walionicheka wakapunguzwa kazi. Mmoja alikuja hadi hapa nyumbani kuuliza kama nina kibarua. Kwa hiyo atakayekwambia kazi ya serikali haina mwisho, msikilize kwa adabu, uendelee na chai yako.

Ila kibarua cha kumpa yule bwana sikuwa nacho, na sababu yake hujawahi kuisikia vizuri.

Mafao yangu karibu yote niliyatia kwenye mashine. Tuliifunga mwezi wa saba, alizeti imeanikwa kila uwanja. Nikakamua za watu kwa malipo, na zangu chache nilizonunua kwa vijisenti vilivyobaki. Agosti ikaenda vizuri, Septemba vizuri. Novemba ilipoingia, punje huipati kijiji kizima. Zote zilikuwa kwenye maghala ya wafanyabiashara wa mjini, walionunua kwa bei ya kutupa wakati wa mavuno na sasa wanauza wanavyotaka. Mashine ikanyamaza hadi masika yakapita. Kuku akaanza kutaga mle ndani ya mdomo wa kumiminia mbegu. Wewe ulikuwa darasa la pili. Ulikuwa ukipanda kwenye kigoda kuokota mayai huku ukiyahesabu kwa sauti. Hata juzi nimekusikia ukiwasimulia wanao hayo mayai kwa furaha, nikanyamaza. Mashine niliiuza 1998, kwa bei ambayo hadi leo mama yako haijui yote. Kilichokusomesha ni uji wake wa pale stendi.

Sasa nimeangalia hesabu uliyonitumia. Mashine ipo, umeme wa njia tatu upo, kichujio, madumu, hata nembo ya TBS umeiwekea fungu. Fedha ya kununulia alizeti umeandika "itatokana na mauzo". Wewe ni mhasibu, mwanangu! Angekuletea hiyo mtendaji wa kata, ungeipitisha?

Faida ya mafuta hupatikana kwa gunia ulilonunua Juni ukalikamua Januari. Mwenye mashine asiye na shehena ni fundi wa mwenye ghala. Na hata shehena ina siku zake: 2023 unaikumbuka, ushuru wa mafuta ya nje ulivyokuwa umepunguzwa, bei ya alizeti ikaporomoka, waliojaza maghala wakashika tama. Mwaka kama huo utarudi. Nataka ukukute una mshahara, au una akiba ya kuupita.

Halafu kuna haya ya ofisini kwenu, ambayo unayajua kuliko mimi ila mtu akishapenda hujifanya hayaoni. Umechangia mfuko wa hifadhi ya jamii miezi 151. Sheria inataka 180 ndipo ustahili pensheni ya kila mwezi. Umebakiza 29. Fao la kukosa ajira usilihesabu, aliyeacha kazi mwenyewe halimhusu. Na mkopo wa benki uliojengea ile nyumba unakatwa kwenye mshahara; mshahara ukikoma benki haitakuuliza alizeti imestawi vipi mwaka huu. Mumeo anajua tarehe uliyopanga? Kwenye ujumbe wako hukumtaja hata mara moja, na hilo limenisumbua kuliko bei ya mashine.

Ningekuwa wewe, mwezi wa sita ningechukua likizo, si kuacha kazi. Njoo na fedha ya gunia thelathini tu. Nunua kwa wakulima wenyewe, uzipime mbele yako, utenganishe mbegu ya Rekodi na zile chotara, maana hazitoi mafuta sawa na watu huzichanganya makusudi. Tutazihifadhi hapa. Desemba utakuja tuzipeleke kwenye mashine ya mtu, ulipie kukamua, uandike kila gunia limetoa lita ngapi na mashudu kiasi gani. Mafuta uyauze wewe mwenyewe huko Dodoma, uone mteja anarudi mara ya pili au alinunua kwa kukuonea haya. Fanya hivyo misimu miwili. Miezi yako 29 itakuwa inakwisha kwisha, na mashine utakayonunua utaijulia shida zake zote kabla hujaimiliki.

Ukiona kungoja ni kuchelewa na ukaja Juni hiyohiyo na barua ya kuacha kazi mfukoni, lango hili halina kufuli kwako. Nitagomba siku mbili, ya tatu tutakwenda gulioni pamoja.

Stoo ya nyuma nimeshaanza kuitoa makorokoro. Chaga nne nimezipigilia misumari jana, magunia yasikae chini yakavuta unyevu. Panya ndio bado, nimeomba paka kwa jirani.

Wasalimie wajukuu.

Baba yako