Kwa mnaoanza kusoma misingi ya taifa letu

Mnaoingia mwaka wa kwanza pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nyie mliojiunga na vikundi vya kusoma Katiba huko mitaani, wengi mnakuja mkijua uraia ni namba ya NIDA na kura kila baada ya miaka mitano. Ndivyo tulivyokaririshwa shuleni. Ushauri wangu: msianze na hotuba za sherehe. Anzeni na ugomvi.

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, Bunge lilikaa Ukumbi wa Karimjee kujadili muswada wa uraia. Baadhi ya wabunge, tena wa TANU, chama cha Nyerere mwenyewe, walitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Nyerere, wakati huo Waziri Mkuu, aligoma kabisa. Bora serikali yake ijiuzulu kuliko kupima uraia kwa rangi ya mtu. Muswada ukapita. Ukishausoma mjadala ule, huwezi tena kumtazama jirani yako Mhindi wa Upanga kama mgeni tuliyemvumilia. Uraia wake na wako ulipita kwenye muswada mmoja.

Kisha soma ahadi za mwana TANU, taratibu. "Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa." Huwa tunamkazia macho anayepokea: trafiki, karani wa ardhi. Ahadi inamshika na anayetoa, yaani wewe uliyepachika elfu tano kwenye leseni ili uwahi Kariakoo. Mimi sentensi hiyo imenisumbua kuliko Azimio zima la Arusha.

Ila msiwafanye waasisi malaika. Mwaka 1962 hao hao walipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi, na haki za msingi hazikuingia kwenye Katiba hadi 1984. Mkifundishwa nusu moja, idaini ya pili.

Halafu kuna kazi ya vitendo, ambayo wengi huiruka. Chukua ibara ya 8 ya Katiba, inayosema Serikali itawajibika kwa wananchi, uende nayo kwenye mkutano wa mtaa wako. Kaa mpaka mapato na matumizi yasomwe. Yasiposomwa, nyoosha mkono uulize. Mwenyekiti anaweza kukuuliza kama wewe ni mwenye nyumba au mpangaji tu; mjibu kwa adabu kwamba ni mkazi, kisha rudia swali lako.