Bati nimenunua kwa mkopo wa VICOBA, nyumba ni ya nani?

SWALI: Shikamoo anti. Naishi Chanika Dar es Salaam, nimefunga ndoa ya bomani 2012, tuna watoto watatu ila sasa tumeshindwana kabisa nataka talaka. Kiwanja mume wangu alinunua kabla hajanioa, kilikuwa na chumba kimoja na choo cha nje, leo ni nyumba ya vyumba vinne. Mimi mama lishe, bati na madirisha nilinunua kwa mkopo wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, bado nadaiwa milioni 2 na laki 3. Yeye mwaka jana kachukua benki milioni 6, nyumbani sijaona hata kijiko kipya, nasikia alikuwa anabeti na amempangia mtu chumba. Mama mkwe anasema nyumba ya mwanae nitoke na vyombo vyangu tu. Madeni nayo tunagawana?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana, maana kulipa marejesho kila wiki ya bati ambayo unaambiwa siyo yako inauma jamani.

Tuanze na nyumba. Mama mkwe amekosea. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 114 inasema mali iliyochumwa kwa nguvu za pamoja inagawanywa, na hata ile ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa inaingia kama mwenzake ameiendeleza kwa kiasi kikubwa au mmeiendeleza wote. Chumba kimoja kuwa vyumba vinne hayo ni maendeleo makubwa, hakimu haitaji darubini. Na siyo bati peke yake, kupika na kufua na kulea watoto watatu nako kunahesabiwa kama mchango, Mahakama ya Rufani ilishasema hivyo 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu.

Lakini hiyo kesi watu wanaisimulia nusu. Bi Hawa alishinda hoja ila mgao hakupata, sababu mumewe alishampa hela za mradi wa familia zikapotea mikononi mwake, mahakama ikaona ameshatapanya fungu lake. Nakukumbusha hili kwa sababu linakata pande zote mbili, mume anayechoma hela ya familia kwenye kubeti na wewe una haki ya kumwambia hakimu aliangalie hilo.

Sasa madeni, hapa ndipo wengi wanapopotea. Kifungu hichohicho kinamtaka hakimu aangalie madeni yaliyochukuliwa kwa faida ya wote wawili, kwa hiyo swali siyo jina la nani liko kwenye karatasi, swali hela ilienda wapi. Yako iko juu ya paa, watoto wanalala chini yake, hilo ni deni la familia hata kama limeandikwa jina lako. La kwake la milioni 6 kama ulivyoeleza ni la kwake mwenyewe, ila uwe na ushahidi, "nasikia" mahakamani haikusaidii.

Ila kikundi chako cha VICOBA hakikuwepo kwenye ndoa yenu, kitakudai wewe uliyesaini, mahakama inachoweza ni kukufidia kwenye mgao. Kaa na mwenyekiti mapema kabla marejesho hayajalala, na tafadhali usikope kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, kuziba hilo pengo. Halafu jiulize vizuri, benki walikuletea karatasi yoyote usaini? Kuweka rehani nyumba ya familia kunahitaji ridhaa ya mwenzi, kama hukusaini unayo hoja nzito, na kama ulisaini udhamini bila kusoma ukachukue nakala leo.

Kusanya risiti za hadwea, daftari la kikundi, miamala ya simu, jina la fundi aliyepaua, picha za zamani za kile chumba. Anza baraza la usuluhishi la kata, wakishindwa kuwapatanisha wanakupa hati ndiyo unafungua shauri, hata mahakama ya mwanzo inatosha na hulazimiki kuwa na wakili. Dar kuna pia Kituo Jumuishi cha mahakama pale Temeke kinachosikiliza mashauri ya familia.

Nusu kwa nusu sikuahidi. Mahakama inaelekea kwenye usawa lakini inapima mchango wa kila mtu na mahitaji ya watoto wadogo, anayekuja mikono mitupu anaumia hata kama anasema kweli.

Na kama umeanza kupigwa, toka na watoto, kuondoka hakufuti haki yako kwenye nyumba. Ila ukitoka pitia kwa mwenyekiti wa mtaa na barua kwamba nyumba ina mgogoro isiuzwe, ubaki na nakala yenye muhuri.