Majirani wanasema ni sumu, mimi naona damu kwenye choo cha mbwa

SWALI: Habari daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata. Huku kwetu mbwa wanaisha. Ndani ya wiki mbili wameshakufa watano na wote ni wadogo, alianza wa jirani wa geti jekundu, akafuata wa kwa mangi, sasa imefika kwangu. Wa kwetu anaitwa Simba ana miezi minne, juzi kagoma kula, jana mchana akatapika povu la njano, usiku akaanza kuharisha na leo ni damu tupu, harufu yake sijawahi kukutana nayo. Majirani wanasema kuna wezi wanawalisha sumu, wakaniambia nimpe maziwa, nimempa kayarudisha yote. Mume wangu kanunua Flagyl za watu tukamkatia nusu. Kinachonichanganya ni kwamba alichanjwa ile kampeni ilipopita mtaani, kadi yake ninayo. Saa hizi kalala chini ya tenki analamba maji yanayodondoka kwenye koki, akimeza tu anatapika. Nifanyeje jamani, watoto wanalia.

JIBU: Mama Simba pole sana. Wewe nilishakujibu kwa simu siku ile ile maana hili halisubiri gazeti, hapa naandika kwa ajili ya wenzako ambao mbwa wao wataanza kesho.

Ulichonielezea ni picha ya parvo kabisa, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Sumu mara nyingi inakuja ghafla, mbwa aliyekuwa mzima saa mbili anatetemeka na kukakamaa saa tatu, na haichagui umri. Parvo inaanza kwa mbwa kukosa raha na kususa chakula, halafu kutapika, halafu huo mharo wa damu, na inapenda hasa watoto wa kuanzia wiki sita hadi miezi sita. Watano wadogo wamekufa kwa wiki mbili na wakubwa wanatembea, hapo mimi siwazi mwizi nawaza kirusi. Ila hata hivyo mpeleke akapimwe, kipo kipimo cha haraka cha kinyesi, majibu ndani ya dakika kama kumi, na minyoo nayo inaweza kuharisha damu kwa mtoto wa mbwa.

Sasa kuhusu kadi, hapa ndipo watu wengi wanapoumia na mimi linaniuma kila nikiliona. Kampeni zinazopita mitaani huwa ni za kichaa cha mbwa. Ni chanjo muhimu sana na msiache kupeleka, lakini haimkingi mbwa na parvo hata kidogo. Chukua kadi yako usome kilichoandikwa, kama ni kichaa peke yake basi mbwa wako hajachanjwa parvo. Na kuna wazee wanasema zamani mbwa walikula makombo, hawakuchomwa chochote na wakaishi. Ni kweli, kwa sababu zamani parvo ya hivi haikuwepo, ilitambuliwa mwaka 1978 na ndani ya miaka kama miwili ikawa imeshazunguka dunia.

Kinachomuua mbwa hapa ni kukaukiwa maji, pamoja na bakteria wa tumboni wanaopenya kwenye damu, maana kirusi kinachubua utumbo na kinapunguza askari wa mwili. Kwa hiyo dawa kubwa ni maji. Sio maziwa, maziwa yanazidisha kuharisha. Flagyl ya kidonge kwa mbwa anayetapika haikai tumboni na hata ingekaa haiui kirusi. Panadoli, diklofenaki na brufeni msithubutu kabisa, na kitunguu swaumu pia hapana. Mbwa anatakiwa atundikiwe dripu, achomwe sindano ya kuzuia kutapika na antibayotiki ya sindano, na akishatulia alishwe kidogo kidogo mapema, kuku wa kuchemsha bila mafuta na wali laini vinatosha. Nikiwa na mbwa wa namna hii naanzia kwenye fizi: nafunua mdomo nabonyeza kwa kidole, panakuwa peupe, nikiachia wekundu unatakiwa urudi kabla sijahesabu mbili. Wekundu ukichelewa kurudi, au fizi inanata kidole kama gundi, au ngozi ya shingoni ukiivuta inabaki imesimama, hapo hakuna tena kusubiri asubuhi.

Kama ni usiku na usafiri hakuna, ORS ya duka la dawa, pakiti ya lita moja kwenye lita moja ya maji safi, unampa kijiko cha chai kila baada ya dakika kumi kwa bomba la sindano bila sindano yake, pembeni ya mdomo taratibu. Akitapika acha usimlazimishe, asubuhi uwe wa kwanza mlangoni kwa daktari wa mifugo. Hela ya dripu ikiwa ngumu sema wazi, maji yanaweza kuwekwa chini ya ngozi, haiwi sawa na mshipa lakini ni bora mara mia kuliko kukaa nyumbani. Bila matibabu wengi wanakufa, wakiwahiwa wengi wanapona. Simba alitundikiwa siku nne, siku ya tano alinyanyua kichwa akanusa supu. Wa kwa mangi aliletwa kwenye boksi la biskuti nyuma ya bodaboda, mwili umeshapoa. Tofauti yao ilikuwa siku moja na nusu.

SWALI: Daktari mimi nipo Arusha nafuga jemani shepadi, jike langu kazaa watoto saba, wana wiki sita na wateja wanawataka. Mbona mnatuambia sindano tatu za chanjo ile ile ya parvo, moja si inatosha?

JIBU: Haitoshi, na sababu yake ni nzuri ukiielewa. Mtoto anapata kinga kwenye maziwa ya kwanza ya mama, ile kinga ikiwa bado ina nguvu inaiua chanjo yako kabla haijafanya kazi. Inapungua polepole na kila mtoto kwa siku zake, yule mweusi inaweza kuisha wiki ya nane, ndugu yake wiki ya kumi na nne, kwa macho huwezi kujua. Ndio maana tunaanza wiki ya sita hadi nane, tunarudia kila baada ya wiki tatu au nne mpaka avuke wiki ya kumi na sita, halafu tena baada ya mwaka. Jemani, rottweiler na doberman wanaugua vibaya zaidi, kwa hiyo wewe ndio usikate kona. Na chanjo iangalie inatoka wapi, iwe imetoka kwenye friji au kwenye barafu, ikishinda juu ya kaunta kwenye joto ni maji tu unachoma. Mteja akichukua mtoto mapema mpe kadi na umwambie wazi asimtembeze mtaani mpaka amalize.

SWALI: Mbwa wangu alikufa kwa parvo mwezi uliopita. Mtoto wangu wa miaka mitatu alikuwa anamshika, ataugua? Na lini naweza kuleta mwingine? Niko Mbezi.

JIBU: Pole kwa msiba wa nyumbani. Parvo ya mbwa haiambukizi binadamu, mtoto mnaweshe mikono kwa sabuni sababu ya minyoo na uchafu mwingine. Kuleta mwingine usiharakishe, kirusi hiki kinakaa kwenye mazingira miezi mingi, hata mwaka, na sabuni ya kawaida haikiui. Banda, bakuli na sakafu vioshe kwanza kwa sabuni mpaka uchafu uishe, kisha jiki robo lita kwenye maji lita 5, mwagia uache dakika kumi ndipo usuuze. Kitanda chake cha matambara choma moto. Udongo jiki haiusaidii sana, ukwangue juu na ufyeke kivuli jua lipige. Mimi ningekwambia usichukue mdogo kwenye uwanja huo mwaka huu, chukua aliyemaliza chanjo zote na wiki mbili zimepita. Na viatu vya wageni wenye mbwa wagonjwa viishie getini, kinyesi kidogo kwenye soli kinatosha.