Mbwa wangu hawezi kumwona paka wa jirani: je, nimchape hadi amzoee?

SWALI: Daktari, ninaishi Tabata, Dar es Salaam. Nina mbwa dume wa miaka mitatu, chotara wa German Shepherd, ambaye mchana hufungwa mnyororo na saa nne usiku hufunguliwa kwa ajili ya ulinzi. Paka wa jirani huruka ukuta karibu kila usiku na kuja kula mabaki kwenye sufuria ya mbwa. Mbwa hubweka hadi alfajiri, na wiki iliyopita alimkamata paka mguu wa nyuma kabla hajaponyoka, jirani akanijia juu. Kijana mmoja anayefundisha mbwa hapa mtaani ananishauri tumtie paka kwenye kiroba cha wavu, tumweke mbele ya mbwa, kisha mbwa achapwe kila anapomsogelea, hadi azoee. Shemeji yangu anasema ipo njia fupi zaidi, nayo ni dagaa wenye sumu juu ya ukuta. Je, njia ya huyo kijana inafaa? Na mbwa wa umri huu bado anaweza kubadilika?

JIBU: Njia ya kijana huyo haifai, na ya shemeji yako ni mbaya zaidi, nitaifikia baadaye. Nianze na kiroba, kwa sababu ushauri huo nausikia mara kwa mara, na husikika wenye busara kwa kuwa unafanana na namna wengi wetu tulivyolelewa: ukikosea unachapwa, ukichapwa unakoma.

Mbwa hafikiri kwamba amechapwa kwa sababu amesogea. Anachofanya ni kuunganisha kile alichokiona na kile alichokisikia mwilini mwake wakati huohuo. Alimwona paka, kisha fimbo ikamshukia mgongoni. Jambo hilo likirudiwa mara chache tu, paka ambaye jana alikuwa mwizi wa chakula anakuwa dalili ya maumivu yanayokuja, na mbwa mwenye akili timamu hujitahidi kuiondoa dalili hiyo mapema kadiri awezavyo. Kwa hiyo unayempata mwishoni mwa mafunzo hayo ni mbwa anayemchukia paka kwa sababu mbili, wakati hapo awali alikuwa na moja.

Kuna madhara ya pili ambayo huonekana baada ya mwalimu kulipwa na kuondoka. Kubweka, kunguruma na kuonyesha meno ni onyo, na mbwa anayechapwa kwa kutoa onyo hujifunza kuliacha onyo, lakini haiachi hasira iliyolizaa. Watu walioumwa na mbwa wa nyumbani mwao wenyewe husema kwamba aliwauma ghafla, bila kunguruma hata kidogo. Ukiwauliza taratibu, mara nyingi utaambiwa kwamba zamani alikuwa akinguruma sana, na kwamba kuna mtu alimwondolea tabia hiyo.

Mtazame mbwa mwenyewe wakati fimbo iko mkononi mwa mwalimu. Amelala chini, masikio yamebanwa nyuma, mkia uko chini ya tumbo, analamba pua, anapiga miayo ilhali hana usingizi, na anageuza uso asimwelekee paka huku weupe wa jicho ukionekana pembeni. Mwalimu atakwambia, "Unaona, ameelewa." Hajaelewa chochote, anaogopa, na anayemwogopa ni mwenye fimbo. Usiku wa saa nane, wakati mwenye fimbo yuko kwake amelala, paka atakapotua uani hakutakuwa na kitu chochote cha kumzuia mbwa huyo.

Paka naye hatatulia ndani ya wavu. Atalia na kufurukuta, na sauti ile pamoja na mwendo ule ndivyo vinavyoamsha silka ya kuwinda. Kucha zake hupita kwenye matundu na kufika machoni mwa mbwa, nasi hupokea mbwa waliochanwa mboni kwa namna hiyo. Yule atakayemshika ili amtie kirobani ana hatari yake pia, kwa kuwa jino la paka huingia kama sindano: tundu la juu hufunga upesi, vijidudu vikabaki ndani, na kesho yake mkono umevimba hadi kifundoni.

Sasa tumwangalie mbwa wako. Kati ya mbwa wasiopenda paka, anayenitia wasiwasi zaidi ni yule asiyebweka, yaani yule anayekakamaa, akainamisha kichwa, akakaza macho na kunyemelea kimya, kwa sababu huyo anawinda. Mbwa wa namna hiyo sishauri aachwe na paka hata dakika moja, na mwenye kuahidi kumgeuza rafiki wa paka anakuuzia maneno. Wako hubweka usiku kucha, jambo linaloonyesha kwamba anatetea uwanja wake na chakula chake, na kwamba amechoshwa na mnyororo. Hata hivyo alishamkamata paka mguu, kwa hiyo usijipe moyo kupita kiasi.

Mnyororo ni sehemu kubwa ya tatizo, ingawa hukuuliza kuhusu mnyororo. Mbwa aliyefungwa tangu asubuhi, akimwona paka anapita hatua moja nje ya mwisho wa mnyororo wake, hujikusanyia hasira ya mchana kutwa, kisha saa nne usiku anafunguliwa nayo. Wengi huamini kwamba hivyo ndivyo mlinzi mkali anavyotengenezwa, na wapo wanaoongezea pilipili kwenye ugali wake, wengine baruti, wengine hata moshi wa bangi. Pilipili humpa mbwa maumivu ya tumbo na kuhara, na bangi humlevya asijue mwizi ni nani na mwenye nyumba ni nani. Mtengenezee banda lenye nafasi ya kugeuka na kutembea, na umtoe kwa kamba angalau asubuhi na jioni.

Kuhusu paka, anza na sufuria. Paka huyo haji kumchokoza mbwa. Anakuja kula, na huenda anawafuata panya ambao nao wamefuata chakula hichohicho. Mpe mbwa chakula mara mbili kwa siku kwa saa maalumu, na baada ya dakika kama ishirini iondoe sufuria, iwe imekwisha au haijakwisha, uioshe na kuiweka ndani. Ndoo ya taka iwe na mfuniko. Kisha chunguza ukutani uone anashukia wapi. Mahali anapopita kila siku hujionyesha kwa alama za nyayo za vumbi kwenye chokaa, kwa kawaida karibu na tawi la mti, tangi la maji au paa la banda la kuku linalompa ngazi. Likate tawi hilo, au uisogeze ngazi hiyo. Usipake oili chafu juu ya ukuta, wala usimwage mafuta ya taa au kutawanya vidonge vya naftalini vya kufukuza nondo kama watu wanavyofundishana, kwa sababu paka hujisafisha kwa ulimi na chochote kinachogusa manyoya yake huishia tumboni, na mbwa wako naye atavilamba vitakavyoanguka upande wenu.

Umri wa miaka mitatu haumzuii mbwa kujifunza, lakini unakupasa kupunguza matarajio. Kipindi ambacho mtoto wa mbwa huwazoea viumbe wengine kwa urahisi ni kati ya wiki ya 3 na takriban wiki ya 14, na kwa wako kilishapita zamani. Usitafute urafiki, tafuta mbwa ambaye akimwona paka anakugeukia wewe. Jioni, paka akiwa amekaa juu ya ukuta wa kwao, mtoe mbwa kwa kamba na usimame mbali, na kipimo cha umbali huo ni kipande cha ini: akiweza kukichukua mkononi mwako huku anamwona paka, umbali unatosha, akikikataa au akikinyakua bila kukuangalia, uko karibu mno, rudi nyuma. Paka anapoonekana, ini linatoka. Paka anapoondoka, ini linakwisha. Dakika kumi zinatosha kwa siku, na unasogea hatua moja tu pale siku kadhaa zinapopita bila mbwa kukakamaa. Kazi hii huchukua wiki nyingi, mara nyingine miezi, na hiyo ndiyo sababu anayekuahidi matokeo kwa siku mbili hukuta wateja kirahisi. Ujue pia kwamba usiku, wewe ukiwa hupo, mafunzo pekee hayamlindi paka. Kinachomlinda ni kutofika uani kwako.

Hapo ndipo unapomhitaji jirani, na nakushauri umwendee wewe kabla hajakurudia. Mwombe amlishe paka wake magharibi na kumlaza ndani. Kama ni dume ambaye hajahasiwa, kumhasi hupunguza sana kuzurura na kupigana. Kama ni jike, kumfunga kizazi kutaondoa madume wanaomfuata kila anapohitaji kupandwa. Kuchangia gharama hiyo kutatuliza mambo kuliko maneno ya kurushiana juu ya ukuta. Kumhasi mbwa wako kuna faida zake, lakini usilifanye kwa kutegemea kwamba ataacha kufukuza paka.

Mwambie pia ampeleke paka kwa daktari wa mifugo hata kama jeraha la mguu linaonekana dogo, kwa sababu jino la mbwa huchana nyama chini ya ngozi ilhali juu pana tundu moja tu. Asimpe Panadol. Mwili wa paka hauwezi kuivunja parasetamoli kama wetu unavyofanya, na kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Hujataja chanjo, nami sikubali tuliache hilo. Mbwa wako na paka wa jirani wote wawili wanapaswa kuwa na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao licha ya jina lake humpata paka pia, na paka huuambukiza kwa kuuma. Mtu akiumwa au kukwaruzwa katika purukushani hizi, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Asipakwe majivu, kitunguu wala dawa ya meno. Mnyama aliyeuma asiuawe kwa hasira, bali afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10, kwani akibaki mzima muda wote huo tunajua kwamba mate yake hayakuwa na virusi siku alipouma. Akiuawa na kutupwa jalalani, tunabaki kubahatisha juu ya maisha ya mtu.

Sasa nije kwa shemeji yako. Sumu haichagui. Dagaa aliyewekwa juu ya ukuta huanguka, na mara nyingi huanguka upande wa aliyemweka. Wa kwanza kumwokota ni mbwa wako, au kuku, au mtoto anayejifunza kutembea. Paka akila na kufia uani kwako, mbwa anayemtafuna anaweza kudhurika. Viuatilifu vya shambani ambavyo watu hutumia kwa kazi hii humfanya mnyama atokwe na mate, atetemeke, ajiharishie na mboni zake zisinyae hadi ziwe kama nukta, na anaweza kufa ndani ya saa chache. Sindano ya atropini huokoa baadhi yao ikiwahi, lakini mara nyingi haiwahi, kwa sababu saa ya kwanza hutumika kummiminia mnyama maziwa na mafuta ya kula ambayo huingia mapafuni. Sumu nyingine za panya hufanya kazi polepole kwa kuzuia damu kuganda. Mbwa huonekana mzima siku tatu au nne, halafu fizi zinakuwa nyeupe na damu inatoka puani, wakati ambapo mwenyewe ameshasahau habari ya dagaa, na matibabu yake ya vitamini K huendelea kwa wiki kadhaa. Mbali na hayo, Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na paka huyo ana mwenyewe ambaye tayari anajua kwamba mmegombana.

Vitu hivi vyote, kuanzia fimbo, kiroba, pilipili hadi sumu isiyo na lebo iliyopimwa kwenye chupa ya soda, huuzwa na watu wanaozunguka mitaani wakiitwa mafundi au hata madaktari, na mara nyingi mtu huyohuyo ndiye hutoa chanjo getini kwa bei ya chini. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutakiwa kuhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Iliyoshinda kwenye mfuko wa koti kwa joto la Dar es Salaam haiaminiki tena, ingawa kadi itagongwa muhuri na mbwa atalia akichomwa kama kawaida. Unayo haki ya kumwomba mtu huyo akuonyeshe usajili wake wa Baraza la Veterinari, akuonyeshe kisanduku chenye barafu, na akusomee tarehe iliyoandikwa kwenye kichupa kabla hajafungua sindano. Akikasirika kwa kuulizwa, mfungulie geti aende, kisha mpigie ofisa mifugo wa kata yako umuulize kliniki iliyosajiliwa iliyo karibu nawe.