Hashiki ziwa, mama mkwe ataka akatwe ulimi

SWALI: Assalaam aleikum Bi Mkunga. Mwanangu ana wiki tatu. Hunyonya saa nzima asishibe, na chuchu zangu zimechanika hadi kutoka damu. Mama mkwe kamtazama mdomoni, asema ulimi umefungwa na kuna mzee jirani hukata kwa wembe. Asipokatwa, ati hatosema. Nifanyeje? – Mama wa Wete, Pemba

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Pole sana.

Wembe usiukubali kabisa. Chini ya ulimi pana mishipa ya damu, na wembe wa mtaani huweza kumtia pepopunda. Mwambie mkweo kwa adabu: huenda kaona sawa, lakini pa kukatia ni hospitali.

Mtoto akilia, tazama ncha ya ulimi. Je, haivuki ufizi wa chini, au imebonyea katikati kama kopa la karata? Kisha itazame chuchu inapotoka mdomoni. Ikiwa imebapa na ncha imekuwa nyeupe, anaibana kwa ufizi. Lakini chuchu hubapa pia mtoto akishika vibaya tu, na wengi wenye utando unaoufunga ulimi kwa chini hunyonya vizuri. Ndiyo maana sizungumzii mkasi kabla sijamwona mama akinyonyesha. Mlaze tumbo kwa tumbo, pua ielekee chuchu, ngoja apanue mdomo hasa, ndipo umvute yeye kwenye ziwa. Kidevu kigande, na weusi unaozunguka chuchu uingie mwingi zaidi upande wa chini kuliko wa juu.

Kesho nenda hospitali na kadi yake, apimwe uzito. Kwa wiki tatu awe ameshaupita ule wa kuzaliwa. Ikiwa ameshikishwa vizuri na bado unaumia, au uzito haupandi, daktari anaweza kuukata utando kwa mkasi safi. Ni kazi ya sekunde chache, na mtoto hupewa ziwa papo hapo. Kabla ya hapo, waulize kama alichomwa sindano ya vitamini K, isaidiayo damu kuganda, na uwaambie kama kwenu kuna maradhi ya kutokwa damu. Kidonda cheupe utakachokiona siku zinazofuata si usaha. Kukata hupunguza zaidi maumivu ya mama. Mtoto huenda akahitaji muda kujifunza upya.

Kuhusu kusema, haijathibitika kuwa kukatwa uchanga ndiko kunakomfungua mtu maneno. Akikatwa, iwe kwa sababu ya kunyonya.

Ziwa likikushinda kwa maumivu, kamua kwa mkono umnyweshe kwa kikombe kidogo. Akikojoa chini ya mara sita kwa siku, au akilegea hata haamki kunyonya, usingoje kesho. Nenda usiku huohuo.